Ngozi ya Chura kama Kiungo cha Maji na Chumvi: Kutoka Maabara ya Copenhagen hadi Korongo la Kihansi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maji na sodiamu vinavyopita katika ngozi na kibofu cha mkojo cha amfibia. Hoja yake kuu ni kwamba ngozi ya chura hutenda sehemu ya kazi ambayo kwa binadamu hutendwa na figo. Kutokana na ukweli huo, tishu za chura ziliwafundisha wanasayansi jinsi figo la binadamu linavyodhibiti chumvi. Kutokana na ukweli huohuo, chura huweza kufa kwa madhara yanayoishia juu ya ngozi yake. Mfano wa chura wa Kihansi nchini Tanzania unatumika kuonesha maana ya jambo hili kwa watunga sera wa ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Kwa kawaida chura hanywi maji kwa mdomo. Anapohitaji maji huketi mahali penye unyevu, akabandika ngozi ya tumbo na mapaja juu ya udongo au jiwe lililolowa, na maji hupenya mwilini kupitia ngozi hiyo. Njia hii ni rahisi, lakini ina gharama yake. Majimaji ya damu ya chura wa maji baridi huwa na takribani milimoli 100 za sodiamu katika kila lita, ilhali maji ya kidimbwi au kijito anamoishi mara nyingi hayafikii hata milimoli 1. Tofauti hiyo huzaa matatizo mawili kwa pamoja: maji huingia mwilini mfululizo kwa osmosisi, na chumvi huvuja kutoka mwilini kwenda nje.

Figo la chura hukabili tatizo la kwanza kwa kutoa mkojo mwingi uliozimuliwa. Hata hivyo, mkojo huo nao hubeba chumvi kidogo, na hasara hiyo lazima ifidiwe. Chura akiwa nchi kavu tatizo hugeuka: maji hupotea kwa uvukizi, na kila tone lililohifadhiwa huwa na thamani. Swali lililowashughulisha wanafiziolojia kwa zaidi ya karne moja ni jinsi tando mbili nyembamba, ngozi na kibofu, zinavyoweza kukidhi mahitaji haya yanayopingana.

2.0 Umeme wa Ngozi na Jaribio la Ussing

Katika karne ya 19 Emil du Bois-Reymond wa Ujerumani alionesha kuwa ngozi ya chura ina volti: upande wake wa ndani ni chanya ukilinganishwa na upande wa nje. Mwaka 1937 August Krogh wa Denmark alionesha kuwa vyura waliopungukiwa chumvi huweza kuifyonza kutoka katika maji yenye chumvi kidogo mno. Matokeo hayo yalileta fumbo. Chumvi ilikuwa ikisafiri kutoka mahali ilipo chache kwenda mahali ilipo nyingi, kinyume cha mwelekeo wake wa asili.

Hans Ussing, aliyefanya kazi na Krogh mjini Copenhagen, alibuni njia ya kulifumbua fumbo hilo. Yeye na Karl Zerahn, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1951, waliweka kipande cha ngozi ya chura kati ya vyumba viwili vilivyojazwa mchanganyiko uleule wa chumvi. Kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na ukolezi sawa, hapakuwa na sababu ya sodiamu kusambaa kuelekea upande mmoja zaidi ya mwingine. Kisha walipitisha mkondo wa umeme kutoka nje hadi volti ya ngozi ikawa sifuri. Kwa kufanya hivyo waliondoa pia msukumo wa umeme.

Katika hali hiyo, tishu iliyokufa isingepitisha mkondo wowote. Ngozi hai iliendelea kuupitisha kwa saa nyingi. Walipopima mwendo wa sodiamu kwa kutumia isotopu zenye mnururisho, waligundua kuwa kiasi halisi cha sodiamu kilichovuka kuingia ndani kililingana na mkondo uliopimwa. Jibu likawa wazi kwamba ngozi hutumia nishati yake yenyewe kuisukuma sodiamu, na umeme wa ngozi ni alama ya kazi hiyo. Kifaa hicho kingali kikitumika katika maabara na hubeba jina la Ussing.

3.0 Mlango wa Nje na Pampu ya Ndani

Mwaka 1958 Valborg Koefoed-Johnsen na Ussing walipendekeza kielelezo kinachoeleza kazi hiyo kwa hatua mbili. Seli ya ngozi ina utando unaotazama nje na utando unaotazama damu, na tando hizi hazifanani. Utando wa nje una njia zinazoruhusu sodiamu kupita. Utando wa ndani una pampu inayotoa sodiamu kwenye seli na kuingiza potasiamu. Kwa kuwa pampu huifanya sodiamu iwe haba ndani ya seli, sodiamu ya nje huingia yenyewe kupitia njia za utando wa nje, kisha husukumwa kuelekea kwenye damu. Hivyo nishati hutumika katika hatua ya pili tu.

Pampu yenyewe ilikuwa imetambuliwa mwaka mmoja kabla, si katika chura bali katika neva za kaa, na Jens Skou wa Denmark. Kila mzunguko wake hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Kwa ugunduzi huo Skou alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

4.0 Kibofu na Amri za Homoni

Kwa binadamu kibofu ni chombo cha kuhifadhi mkojo hadi utolewe. Kwa chura ni ghala la maji. Baadhi ya vyura wa maeneo makavu huhifadhi humo mkojo uliozimuliwa unaozidi robo ya uzito wa miili yao, kisha huurudisha mwilini kidogo kidogo wakati wa ukame. Ukuta wake ni mwembamba, na upande unaogusa mkojo umefunikwa na safu moja ya seli. Kwa sababu hiyo ulikuwa tishu bora ya majaribio.

Kibofu hutii homoni mbili za aina tofauti. Ya kwanza hutoka katika tezi ya pituitari. Inapofika kwenye seli, vifuko vidogo vyenye mifereji ya maji husogea na kuungana na utando unaotazama mkojo, na ndani ya dakika chache maji huanza kupita kwa wingi kuelekea kwenye damu. Homoni ikiondoka, mifereji hurudishwa ndani ya seli. Ya pili ni aldosteroni. Mwaka 1961 Jean Crabbé alionesha kuwa homoni hii huongeza usafirishaji wa sodiamu katika kibofu cha chura hata kikiwa nje ya mwili. Athari yake huchelewa, kwa kuwa seli hulazimika kwanza kutengeneza protini mpya.

5.0 Faida kwa Tiba ya Binadamu

Sehemu za mwisho za mirija ya figo la binadamu hufanya kazi kwa utaratibu uleule: njia ya sodiamu upande wa mkojo, pampu upande wa damu, na homoni za jamii hiyohiyo. Mirija hiyo ni myembamba mno na imefichika, ilhali ngozi na kibofu cha chura vingeweza kutandazwa na kupimwa moja kwa moja. Dawa ya amiloride, inayotumika kuongeza utoaji wa sodiamu katika mkojo bila kupoteza potasiamu, ilieleweka kwa kiasi kikubwa kupitia tishu hizi, ambamo huziba njia za utando wa nje.

Jeni za njia hizo zilitambuliwa miaka ya 1993 na 1994 kwa kutumia mayai ya chura mwenye makucha wa Afrika, Xenopus laevis. Muda mfupi baadaye ilithibitishwa kuwa kasoro katika jeni hizo husababisha ugonjwa wa Liddle, aina ya kurithi ya shinikizo la juu la damu. Mayai ya chura huyohuyo yalitumika mwaka 1992 kuthibitisha kazi ya mfereji wa maji uliogunduliwa na Peter Agre, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2003.

6.0 Ngozi Inaposhindwa Kazi

Kiungo kilicho wazi hivyo ni rahisi kujeruhiwa. Kuvu Batrachochytrium dendrobatidis hushambulia tabaka la juu la ngozi ya amfibia. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilihusisha ugonjwa huo na kupungua kwa spishi zisizopungua 501 duniani, 90 kati yake zikidhaniwa kutoweka kabisa. Kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini maambukizi ya ngozi pekee yaue. Mwaka 2009 Jamie Voyles na wenzake walitoa jibu: katika vyura waliougua, usafirishaji wa chumvi kupitia ngozi ulipungua kwa zaidi ya asilimia 50, sodiamu ya damu ikashuka kwa takribani asilimia 20 na potasiamu kwa takribani asilimia 50, na hatimaye moyo ulisimama. Kielelezo cha mwaka 1958 kilikuwa kimepata matumizi ambayo waasisi wake hawakuyatarajia.

Tukio la Kihansi linaonesha uzito wa jambo hili. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kwenye majani yaliyolowa daima kwa unyunyu wa maporomoko. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache tu. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwingine na unyunyu ukakoma. Takribani vyura 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000 ili wazalishwe huko, na mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa korongoni. Idadi ya vyura iliongezeka, lakini mwaka 2003 iliporomoka ghafla, na kuvu hiyo ikakutwa katika vyura waliokufa. Watafiti wametaja pia matope na viuatilifu vilivyoteremka kutoka bwawani. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 vyura waliozalishwa utumwani walianza kurejeshwa.

7.0 Hitimisho

Visababishi vinavyotajwa Kihansi, yaani ukosefu wa unyunyu, kuvu na kemikali, vina mahali pamoja pa kukutania, napo ni ngozi. Kwa washauri wa sera hili lina maana tatu. Kwanza, tathmini ya athari za mabwawa kwa mazingira haipaswi kuishia kwenye ujazo wa maji yatakayobaki mtoni. Inapaswa kupima pia unyevu wa hewa na unyunyu kando ya maporomoko, kwa kuwa kwa amfibia huo ndio maji ya kunywa. Pili, usafishaji wa viatu na vifaa vya watafiti na wageni kwa dawa ya kuua vimelea, kabla ya kuingia katika makazi ya amfibia adimu, ni kinga yenye gharama ndogo kuliko kuzalisha spishi utumwani kwa miaka kumi na zaidi. Tatu, viwango vya viuatilifu mitoni vikipangwa kwa kuangalia samaki na binadamu peke yao, humwacha nje mnyama ambaye ngozi yake yote ni mlango.

Utando ambao Ussing aliutandaza kati ya vyumba viwili ndio uleule unaotenganisha damu ya chura wa Kihansi na unyunyu wa korongo. Elimu iliyopatikana kwa upande wa kwanza inatosha kuongoza maamuzi ya upande wa pili, iwapo itafikishwa mezani kabla maji hayajaelekezwa kwingine.