Mama Aliwalilia Wote Wawili

Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki dunia mjini London, alikokuwa akitibiwa saratani ya damu. Nyumbani kwetu, mkoani Iringa, mama yangu alikuwa uani akipepeta mahindi. Aliweka ungo chini, akajitanda kanga kichwani, akalia kwa sauti.

Jirani mmoja aliyekuja kumpa pole alimwuliza swali lililotunyamazisha sote: "Mama, unamlilia huyu aliyempeleka mwanao vitani?"

Mpenzi msomaji, kaka yangu alikuwa mgambo. Aliondoka nyumbani mwishoni mwa mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 22, na hakurudi tena. Mama alinyamaza kidogo, akajifuta machozi, kisha akasema, "Ninawalilia wote wawili."

Jibu hilo limenikaa moyoni kwa zaidi ya miaka 25. Kila inapofika Siku ya Nyerere hunirudia, na leo naomba tulitafakari pamoja.

Vita tulivyoletewa

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka kutoka Uganda, yakaiteka ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Ng'ombe waliporwa kwa maelfu, na Daraja la Kyaka likabomolewa. Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo sasa ni ya Uganda. Ndipo Mwalimu alipoliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa, na Amin akakimbia nchi yake.

Sisemi kwamba vijana wetu walikwenda bure. Akina mama wa Kagera waliokimbia usiku na watoto mgongoni wanajua kwa nini ilibidi waende. Ninalosema ni kwamba hata vita vya haki vina bei yake, na bei hiyo haimalizwi siku ya ushindi.

Waliolipa

Hesabu iliyotolewa ilitaja askari wetu 373 waliokufa. Kati yao, 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Wengine waliondolewa na ajali na mambo mengine ya safari ya vita. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Lori walilopanda lilipinduka njiani wakati wa mvua. Hakuwahi kumwona adui.

Alimwacha mke mwenye mimba. Mtoto alizaliwa majuma machache baada ya Kampala kutekwa, wakati majirani wakiimba na kupiga vigelegele. Wifi yangu alijifungua mtoto wa kiume, akageukia ukutani.

Halafu ikaja miaka ya kufunga mkanda. Vita viliigharimu nchi yetu kiasi cha dola milioni 500 za Marekani, fedha ambazo hatukuwa nazo. Mwalimu aliwaomba wananchi wavumilie kwa miezi 18, lakini dhiki iliendelea kwa miaka mingi. Si vita pekee vilivyoileta. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Lakini aliyesimama kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri hakuulizwa sababu. Wifi yangu alifua nguo za mtoto kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Hesabu ya namna hiyo haiandikwi katika vitabu vya vita.

Mwalimu aliyeitafuta amani

Kwa nini basi mama alimlilia? Nilimwuliza miaka mingi baadaye. Alisema, "Kwa sababu hakusahau kwamba vita vinaua."

Mama hakusoma sana, lakini alikuwa akisikiliza redio. Alijua kwamba Mwalimu, aliyeacha urais mwaka 1985, angeweza kukaa Butiama akalima shamba lake na kusoma vitabu vyake. Badala yake alikubali kuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Vita vya huko vilifuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, na kabla havijaisha viliwaua watu wapatao 300,000. Wakimbizi walijaa Kigoma, wengi wao wanawake na watoto. Mzee wa miaka zaidi ya 70 aliketi Arusha na watu waliochukiana, siku baada ya siku, akiwasikiliza.

Hakuiona amani hiyo. Alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999. Kazi yake ikachukuliwa na Nelson Mandela, na Mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 2000. Mwenye hekima akifa, wengine hupokea mzigo.

Sisi tumlilieje?

Wenzangu, machozi tulikwisha kuyatoa. Yamebaki mambo mawili yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza ni kuwaambia watoto ukweli. Wanapocheza vita kwa bunduki za mabua, tusiwafukuze tu. Tuwaeleze habari za babu, mjomba au jirani aliyekwenda Kagera, na habari za mke aliyebaki. Mtoto asiyejua bei ya kitu hukitaka kwa urahisi.

La pili ni usuluhishi wa nyumbani. Ndugu wawili wakigombana, tusikimbilie kumpiga mmoja ili pawe kimya. Tuwaketishe, kila mmoja aseme, mwingine asikilize. Inachosha, tena ukiwa na chungu jikoni. Lakini hata Arusha haikuwa kazi ya siku moja.

Mama yangu sasa ni marehemu. Yule mtoto aliyezaliwa baada ya Kampala kutekwa ana watoto wake. Oktoba iliyopita mdogo wao aliniuliza kama babu yake alikuwa shujaa. Nilimwambia ndiyo. Kisha nikamwita bibi yake aje aketi nasi, nikamwambia mtoto, "Na huyu pia."