Jogoo Anayebeba Rangi ya Yai

Ukivunja yai la kahawia, ukabandua ule utando mwembamba ulioshikamana na ganda kwa ndani, utakuta ganda ni jeupe. Fanya hivyo hivyo kwa yai la kuku wa Araucana, ambaye asili yake ni Chile, na utaona buluu nje, buluu ndani, mpaka kwenye kingo za pale lilipovunjika. Mfugaji anayetaka mayai ya rangi adimu hapaswi kulipuuza jaribio hilo la jikoni. Linamwonyesha kwamba ana rangi mbili tu za kushughulika nazo, na kwamba kila moja ina njia yake ya kulifikia yai.

Yai hukaa kama saa 20 ndani ya tezi inayotengeneza ganda. Rangi ya buluu ni biliverdini, ambayo pia ni mojawapo ya rangi za nyongo. Hiyo huchanganyika na ganda lenyewe wakati linajengwa. Rangi ya kahawia, protopofirini, huja kwa wingi katika saa za mwisho na kutua juu juu, mithili ya rangi inayopakwa ukuta uliokwisha kujengwa. Ndiyo maana yai la Marans, kuku wa Ufaransa anayesifika kwa mayai ya rangi ya chokoleti, likiokotwa lingali na unyevu huweza kuchubuka rangi kwa kusuguliwa na kidole gumba.

Rangi ya kijani haijitegemei. Ni kahawia iliyopakwa juu ya ganda la buluu. Kahawia ikiwa nyepesi, yai huwa la kijani kibichi. Ikiwa nzito kama ya Marans, huwa la rangi ya zeituni. Yai jeupe ni lile lililokosa zote mbili.

Wamapuche wa Chile walikuwa wakifuga kuku wa mayai ya buluu kabla wataalamu wa Ulaya hawajawasikia. Mwaka 1914 profesa wa ufugaji kutoka Hispania, Salvador Castelló, aliwakuta huko, na mwaka 1921 akawatangaza mbele ya mkutano wa kwanza wa dunia wa ufugaji wa kuku, uliofanyika The Hague. Alidhani amegundua spishi mpya. Haikuwa hivyo, walikuwa kuku wa kufugwa kama wengine, ila wenye urithi wa pekee. Aliyeufafanua urithi huo ni Reginald Punnett wa Cambridge, mtu yule yule ambaye kisanduku chake cha kupigia hesabu za urithi huchorwa na wanafunzi wa baiolojia mpaka leo. Mwaka 1933 alieleza kwamba buluu inatokana na jeni moja yenye nguvu: kuku akirithi nakala moja tu, kutoka kwa baba au kwa mama, atataga buluu.

Chanzo cha jeni hiyo kilijulikana mwaka 2013. Zamani sana kirusi kilijipachika kwenye vinasaba vya kuku, jirani na jeni iitwayo SLCO1B3, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kwenye ini. Baada ya kupachikwa huko, jeni hiyo ikaanza kufanya kazi kwenye tezi ya ganda pia. La kustaajabisha zaidi, kuku wa Dongxiang na Lushi wa China nao hutaga buluu kwa sababu ya kirusi cha aina ile ile, lakini kwao kimejipachika mahali tofauti kidogo. Jambo hilo limetokea mara mbili, katika pande mbili za dunia, bila kuku hao kukutana.

Sasa tuje bandani. Mfugaji anaponunua jogoo aliyeanguliwa kutoka yai la buluu, mara nyingi huamini amenunua buluu. Amekosea. Ganda lile lilitengenezwa na mama, kwa hiyo linatoa habari za mama tu. Jogoo mwenyewe anaweza kuwa na nakala mbili za jeni, au moja, au asiwe nayo kabisa, na kwa kuwa hatagi, hakuna yai lake la kumuumbua.

Njia ya uhakika ni kuwauliza binti zake. Jogoo hupandishwa kwa majike wanaotaga mayai meupe, kama Leghorn, kisha tetea wao wanalelewa mpaka watage. Ni siku 21 za kuatamia na miezi mitano au sita ya malezi, na njia za mkato ni chache. Tetea mmoja akitaga jeupe, basi jogoo hana nakala mbili. Watano wote wakitaga buluu, uwezekano kwamba jogoo mwenye nakala moja amepita kwa bahati ni 1 kati ya 32. Wakiwa saba, ni 1 kati ya 128.

Upanga wa kichwani nao unasaidia. Araucana wana upanga mfupi wenye safu tatu za vinundu, na jeni yake ipo karibu sana na jeni ya buluu kwenye kromosomu ile ile, kiasi kwamba zote mbili hurithiwa pamoja mara nyingi. Kwa hiyo kifaranga chotara mwenye upanga wa vinundu huelekea kuwa na buluu. Lakini ushahidi huu hautoshi kwa kila kuku: Cream Legbar, waliotokana na kazi iliyofanyika Cambridge, hutaga buluu wakiwa na upanga mmoja uliosimama. Hao wana faida nyingine kubwa, kwani siku wanapoanguliwa majike hutambulika kwa michirizi ya kahawia mgongoni, na madume kwa doa jeupe kichwani.

Kuna pambo moja ambalo halistahili gharama yake. Araucana wa viwango vya Marekani hutakiwa kuwa na mashungi ya manyoya kando ya masikio. Kifaranga akirithi jeni ya mashungi kwa baba na kwa mama, hufia ndani ya ganda. Anayefuga kwa ajili ya mayai hana sababu ya kupandisha wawili wenye mashungi.

Kahawia nzito ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa inaongozwa na jeni nyingi. Wafaransa hupima mayai ya Marans kwa kipimo cha 1 hadi 9, na wanaoheshimu aina hiyo hawaatamishi yai lililo chini ya 4. Hata mayai ya kuku bora hupauka kadiri msimu wa kutaga unavyosonga, kwa hiyo yai la mwezi wa kwanza halilinganishwi na la mwezi wa nane. Rangi hizi zote haziongezi lishe wala ladha. Umanjano wa kiini, ambao wanunuzi wa mayai ya kienyeji huku kwetu huutazama kwanza, unatoka kwenye majani na mahindi ya njano aliyokula kuku.

Mfugaji makini huwavisha tetea pete za miguuni, huweka viota vinavyojifunga kuku akishaingia, na huandika kwa penseli juu ya kila yai namba ya pete na tarehe. Jioni huhamishia namba hizo kwenye daftari, kila binti chini ya jina la baba yake. Siku mmoja wao akitaga jeupe, jogoo huyo huondolewa kwenye banda la mbegu, hata kama dada wanne wa tetea huyo wametaga buluu.