Kadi ya Gigabiti 10 Inapogoma Kutuma na Kupokea kwa Pamoja

Siku hizi maabara nyingi zina kadi za mtandao za gigabiti 10 kwa sekunde. Ukituma peke yake, mambo safi. Ukipokea peke yake, safi. Ukifanya vyote kwa pamoja, spidi inaanguka nusu. Jamani, kosa liko wapi? Mimi yalinikuta, na nusura nimwombe msimamizi wangu anunue swichi mpya kwa pesa za utafiti. Pesa hizo zingepotea bure.

Kwanza tuelewane. Kadi hizi hupitisha gigabiti 10 za kwenda na 10 za kurudi kwa wakati mmoja. Zikianza kupunguzana, basi kuna mahali pande mbili zinagombea kitu kimoja. Kazi yako ni kukitafuta.

Anza kwa kuitoa diski kwenye hesabu. Diski ya kawaida ya kuzunguka haifiki megabaiti 300 kwa sekunde, na gigabiti 10 ni megabaiti 1,250. Tumia programu ya iperf3, ambayo hupima memori kwa memori: pima kutuma, kisha kupokea kwa -R, halafu vyote kwa --bidir. Ukipata 9.4 kila upande, usihangaike, ndiyo kawaida. Ila angalia toleo. Kabla ya 3.16, iperf3 ilitumia kiini kimoja tu cha prosesa, kwa hiyo kipimo chenyewe kinaweza kukudanganya. Fungua mbili kwa mpigo, kila moja na poti yake.

Pili, iondoe swichi. Unganisha kompyuta mbili kwa waya moja kwa moja. Ugonjwa ukibaki, swichi haina kosa. Laiti ningelianzia hapo!

Tatu, kagua sloti kwa amri ya lspci -vv, ulinganishe LnkCap na LnkSta. Katika PCI Express ya kizazi cha kwanza, kila njia hubeba megabaiti 250 kila upande, hivyo njia 4 ni gigabiti 8 tu. Sloti inaweza kuwa ndefu kwa macho, kumbe ndani ina njia 4. Lakini hapo hata upande mmoja utakuwa mdogo. Mashine za zamani za PCI-X ya 133 ni kesi nyingine: zina gigabiti 8.5 hivi, na kwenda na kurudi hugawana, kama daraja la gari moja. Hapo dawa ni kubadili mashine.

Nne, prosesa. Fungua top, bonyeza 1. Kiini kimoja kikiwa asilimia 100 na vingine vimelala, umemkamata mwizi. Kwangu, ethtool -l ilionyesha foleni 1 inafanya kazi kati ya 8. Nikaandika ethtool -L eth0 combined 8, spidi ikapanda hadi karibu 9 kila upande. Gharama: sifuri.

Mwisho, waya. Makosa yakiongezeka kwenye ethtool -S, kumbuka Cat 6 kwa gigabiti 10 haivuki mita 55. Cat 6A hufika 100.

Badilisha kitu kimoja kimoja, na andika namba kabla na baada. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hutajua kipi kilichokuponya, na mwenzako akikwama mwezi ujao hutakuwa na la kumwambia.