Kisanduku Kilichoidanganya Injini

Chipu ninayoizungumzia hapa, ndugu wasomaji, si ile ya viazi! Ni kisanduku kidogo cheusi kinachofichwa chini ya boneti ili gari la dizeli lipate nguvu kupita zile lilizopangiwa kiwandani. Mjomba wangu, ambaye hubeba miraa kutoka Maua hadi Nairobi kwa pikapu, aliuziwa kimoja. Miraa ikikauka haina bei, kwa hivyo alifurahi mno. Lakini kila alipopanda ule mwinuko wa Mto Nithi na mzigo, moshi mweusi tititi ulitanda hadi magari ya nyuma yakawasha taa mchana.

Likizo ya Agosti alilipeleka gari kwa fundi wa jua kali karibu na Uwanja wa Kinoru. Mimi nilikuwa mshika spana.

Injini za dizeli za siku hizi zina bomba moja nene ambalo pampu hulijaza mafuta kwa shinikizo kubwa ajabu, zaidi ya mara 1,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Kampuni ya Denso ya Japani iliutia mfumo huo katika lori la Hino mwaka 1995. Kwenye bomba pana sensa inayopima shinikizo na kuipasha habari kompyuta ya gari, nayo kompyuta huiamuru pampu iongeze au ipunguze. Basi kisanduku hukaa katikati na kusema uongo. Ni kama kiranja anayetumwa kutazama sufuria, akarudi kusema chakula hakitoshi. Mpishi anazidi kuongeza mpaka ugali unafurika! Mafuta yakizidi hewa hayaungui yote, ndipo moshi. Yale yanayoungua huzidisha joto, na joto hilo hula pistoni na turbo. Nozeli nazo huchakaa mapema.

Fundi alizima injini, akatoa ufunguo, tukanywa chai ili ipoe na shinikizo lishuke.

"Kijana, usiguse zile paipu za chuma," alinionya.

Si mzaha. Mafuta yakichirizika kwa shinikizo hilo hutoboa ngozi kama sindano, na aliyetobolewa ni wa kukimbizwa hospitali hata kidonda kikiwa kama cha mwiba.

Kisha akafungua waya wa hasi wa betri, akafuata nyaya za kisanduku hadi kwenye sensa. Plagi zake zina kikamatio cha plastiki: ukivuta waya badala ya kukibonyeza, utanunua plagi nyingine. Akaitoa ya kisanduku, akairudisha ile asilia ya gari kwenye sensa mpaka ikalia "ta!" Akafunga betri. Basi, yaani kazi yote haikumaliza nusu saa. (Ipo chipu nyingine ambayo ni programu iliyoandikwa ndani ya kompyuta yenyewe. Hiyo haitoki kwa spana. Sharti programu ya awali irudishwe.)

Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, fundi akaifuta kwa mashine yake, haikurudi. Tulilijaribu gari hadi Nkubu. Moshi ulipungua sana, lakini haukuisha: nozeli moja ilikuwa imekwisha kuharibika.

"Hiyo utanunua, mzee," fundi akamwambia mjomba.

Mjomba alinuna njia nzima. Sasa hutoka Maua mapema zaidi. Kisanduku hajakitupa, amekiweka kabatini kwa mama.