Kabichi: Faida Zake kwa Familia na kwa Mifugo



Wafugaji wengi wa Unguja hupita soko la Darajani au Mwanakwerekwe kuchukua majani ya kabichi yanayobanduliwa na wauzaji. Ni jambo zuri, hasa Januari na Februari majani yanapokuwa haba na pumba ghali. Lakini kabichi ina kipimo chake. Kwa kiasi hunufaisha nyumba nzima. Ikizidi humdhuru mnyama.

Faida kwa familia

Gramu 100 za kabichi mbichi zina vitamini C karibu miligramu 35. Hiyo ni karibu nusu ya mahitaji ya mwanamke kwa siku. Vitamini C husaidia vidonda kupona, na huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Kabichi pia ina vitamini K, inayosaidia damu kuganda mtu anapojikata, foleti inayohitajika sana kwa mama mjamzito, na nyuzinyuzi zinazolainisha choo.

Osha kabichi kwa maji safi kabla ya kuikata. Usiichemshe muda mrefu, kwani vitamini C huharibika kwa moto na nyingine hubaki kwenye maji. Ipike kidogo tu, na maji yake yatie kwenye mchuzi. Kachumbari ni bora zaidi.

Hata hivyo, kabichi ina vitamini A kidogo sana. Isichukue nafasi ya mchicha, kisamvu na matembele kwenye sahani ya mtoto.

Faida kwa mifugo

Kabichi ni laini, mnyama huipenda, na ina protini kuliko majani makavu. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa yake ni maji: katika kilo 10 za kabichi, chakula kikavu hakifiki kilo moja. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Ukitaka kumshibisha kwa kabichi peke yake, atalazimika kula karibu kilo 75. Kwa hiyo kabichi ni kitoweo cha mnyama. Chakula chake ni majani.

Kipimo salama

• Ng'ombe mkubwa: isizidi kilo 10 kwa siku, uigawe asubuhi na jioni.
• Mbuzi mkubwa: isizidi kilo moja kwa siku.
• Anza na robo ya kipimo, uongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.
• Mpe majani makavu kwanza. Asikutane na kabichi akiwa na njaa.
• Ng'ombe wa maziwa mpe baada ya kukamua, maziwa yasije yakanuka kabichi.
• Katakata vigogo, visimkabe koo.
• Ondoa mifuko ya plastiki, kamba, na majani yaliyooza au kuota ukungu. Plastiki haisagiki tumboni, na inaweza kumuua mnyama.
• Kabichi ya shambani kwako iliyopigwa dawa, usiwape mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Ikizidi, hutokea nini?

Tumbo kujaa gesi: Ubavu wa kushoto huvimba, mnyama hahemi vizuri, hulala na kuinuka. Acha kumlisha, mtembeze polepole, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu, na umwite mtaalamu wa mifugo mara moja. Usingoje asubuhi.

Upungufu wa damu: Kabichi ina kemikali ya asili ambayo, mnyama akila nyingi kwa wiki kadhaa, huharibu chembe nyekundu za damu. Mnyama hudhoofika, ufizi na ndani ya kope hupauka, na mkojo huweza kuwa mwekundu.

Hapa wengi hukosea. Mkojo mwekundu pia ni dalili ya ugonjwa wa kukojoa damu unaoletwa na kupe, na dawa zake ni tofauti. Usinunue sindano na kumdunga mwenyewe. Simamisha kabichi, angalia kama ana kupe, na umwite mtaalamu apime homa na damu. Mweleze mnyama amekula nini na kwa siku ngapi. Maelezo hayo yanaweza kumwokoa.

Rovu: Kabichi nyingi huuzuia mwili kutumia madini joto. Mbuzi wenye mimba huweza kuzaa watoto wenye uvimbe shingoni, au waliokufa. Wapunguzie kabichi, na uwawekee jiwe la chumvi lenye madini joto.

Kabichi njema iende jikoni kwanza. Majani ya nje yaliyo safi yaende bandani, kwa kipimo. Yaliyooza yaende kwenye shimo la mbolea.