Matairi na Rimu kwa Barabara Zetu: Mwongozo kwa Wenye Magari Baba Dogo

Gari la mkazi wa Baba Dogo hupita barabara za aina mbili kwa siku moja. Likifika Outering au Thika Road, linapata lami pana. Likirudi mtaani, linakutana na matuta, kingo za lami zilizomeguka na mashimo yanayozidi kuchimbwa na malori yanayoenda viwandani. Magurudumu ni yale yale asubuhi na jioni. Kwa hiyo uamuzi wa kununua matairi na rimu unagusa mgongo wa dereva, usalama wa abiria na mfuko wa familia.

Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kinacholainisha safari ni hewa na mpira ulio kati ya rimu na barabara. Kadiri rimu inavyokuwa kubwa, ndivyo mpira huo unavyopungua.

Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi

Tuchukue mfano wa 195/65 R15 91H, saizi ambayo magari mengi madogo ya familia huvaa.

• 195 ni upana wa tairi kwa milimita.
• 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. Hapa ni takriban milimita 127.
• R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Karibu matairi yote ya magari madogo leo ni ya aina hii.
• 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
• 91 ni alama ya uzito. Tairi hilo linaweza kubeba kilo 615.
• H ni alama ya kasi ya juu ambayo tairi linaweza kuhimili, kilomita 210 kwa saa. Hiyo si ruhusa ya kukimbia. Ndani ya mji sheria inakuwekea kikomo cha kilomita 50 kwa saa.

Rimu kubwa hukupunguzia nini?

Tuseme muuzaji anakushawishi uache rimu za inchi 15 uweke za spoti za inchi 17, na matairi ya 225/45 R17. Gurudumu zima litabaki na kimo kile kile, karibu milimita 634, na gari litapendeza. Lakini ubavu wa tairi utashuka kutoka milimita 127 hadi 101. Umepoteza inchi nzima ya mto uliokuwa ukipokea kishindo cha shimo.

Kishindo hicho hakipotei. Huenda kwenye rimu, shokapu na bushi, kisha kikakufikia kitini. Ukiingia shimo kwa kasi, ubavu mfupi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, nyuzi za ndani zikakatika na tairi likatoa uvimbe. Tairi lenye uvimbe halitengenezeki. Ni la kubadilishwa mara moja.

Njia ya kupata ulaini ni kinyume chake. Ikiwa gari lako lina rimu za inchi 16 na matairi ya 205/55, na modeli hiyo hiyo pia hutoka kiwandani na inchi 15 na 195/65, kurudi inchi 15 kutakuongezea milimita 14 za ubavu. Kimo cha gurudumu hakitabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kwanza mwambie fundi ahakikishe rimu ndogo haigusi breki.

Usiweke gurudumu refu kuliko linalopendekezwa ili kuinua gari. Linaweza kukwaruza matao ya gari unapokata kona, na mshale wa kasi utaonyesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda.

Rimu ya chuma au ya spoti?

Rimu ya chuma ni nzito kidogo na haina urembo, lakini ikipigwa na shimo mara nyingi hupinda, na fundi anaweza kuinyoosha. Rimu ya spoti ni aloi ya alumini. Ikipigwa sana inaweza kupasuka. Usinunue iliyochomelewa, hata ikiwa imepakwa rangi upya. Igeuze uangalie upande wa ndani, kwa sababu nyufa nyingi hujificha huko.

Kama unanunua Kirinyaga Road au Kariobangi Light Industries, nenda na gari lako au na rimu moja ya zamani. Idadi ya nati, umbali kati yake na tundu la katikati lazima vilingane. Rimu "inayoingia" kwa kulazimishwa italegea au itatikisika barabarani.

Tairi jipya au lililotumika?

Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama tairi halijatembea, na tairi gumu huchosha mwili na kuteleza kwenye maji. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na lisipitishe miaka 10 tangu litengenezwe.

Angalia pia kama limeandikwa STUDLESS au lina mchoro wa theluji. Hayo ni matairi ya majira ya baridi, ambayo mengine huja na magari kutoka Japani. Mpira wake ni laini na huvutia ukiugusa, lakini kwenye lami ya moto huisha upesi.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Meno yakiisha hadi kulingana navyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi halifai tena. Usisubiri ligundulike kuwa kipara katikati ya mvua za Machi hadi Mei.

Upepo sahihi haugharimu kitu

Wapo wanaopunguza upepo ili gari liwe laini. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto jingi, huisha kingo, hula mafuta na linaweza kupasuka. Lililojazwa kupita kiasi hurukaruka na kuisha katikati.

Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Magari ya Japani huonyesha kPa, ilhali mashine nyingi za hapa husoma PSI. Gawanya kPa kwa 6.9: kPa 230 ni takriban PSI 33. Pima asubuhi kabla ya safari ndefu, matairi yakiwa bado hayajapata joto, na usisahau spea.

Kabla ya kulipa

1. Mwambie fundi akague shokapu na bushi. Zikiwa zimekufa, matairi mapya hayatalainisha gari.
2. Usukani ukitetemeka mwendo unapopanda, kwanza balansi magurudumu. Gari likivuta upande mmoja, fanya alainimenti.
3. Usinunue tairi lenye alama ya uzito au kasi iliyo chini ya inayopendekezwa. Matairi ya mizigo yenye herufi C au LT yana ubavu mgumu. Yaachie magari ya mizigo.
4. Pesa zikitosha matairi mawili tu, yawe sawa, na yafungwe nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari ni vigumu kulirudisha.
5. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tairi kuukuu lisiachwe uani

Tairi lililotupwa hukusanya maji ya mvua na kuwa makao ya viluwiluwi vya mbu. Likichomwa hutoa moshi wenye sumu unaoingia nyumba za majirani. Mwachie muuzaji alipokee, au uwape mafundi wa jua kali wanaotengeneza akala. Usilitupe mtaroni, kwa maana mtaro ukiziba, maji hupanda barabarani, hula lami na kuzaa shimo lile lile litakalovunja rimu yako mpya.