Tanuri la Udongo: Moto Mmoja, Mikate ya Nyumba Nyingi

Kanyangi ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Kitui, upande unaoelekea mto Athi, na ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Makueni. Nchi hiyo ni kavu. Mvua hunyesha kwa vipindi viwili, cha kwanza kati ya Machi na Mei, cha pili kati ya Oktoba na Desemba, na wakulima wa Ukambani hutumainia zaidi hicho cha pili. Mazao yanayostahimili ukavu ni mtama, mawele, ndengu, kunde na mbaazi. Ngano si zao la huko. Hata hivyo mkate wa ngano umekwisha kuwa chakula cha asubuhi katika nyumba nyingi, na kila mkate unaonunuliwa dukani umetoka mbali.

Ngano ya Kenya hulimwa hasa katika nchi za Narok, Nakuru na Uasin Gishu, lakini haitoshi, na zaidi ya nusu ya ngano inayoliwa huagizwa kutoka nchi za nje. Kwa hiyo vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine mwaka 2022, bei ya unga ilipanda hata katika maduka ya vijijini. Ndiyo sababu yafaa kuuliza kama watu wa mahali kama Kanyangi waweza kujiokea mkate wao nyumbani, na kutia ndani yake nafaka ya shamba lao. Jibu ni kwamba waweza, kwa tanuri la udongo lililojengwa nje ya nyumba. Lakini faida yake ina sharti moja, nalo ni kwamba tanuri litumiwe na nyumba nyingi pamoja.

SI JAMBO GENI

Wengine hudhani kwamba tanuri ni kitu cha kigeni. Sivyo. Watu wa pwani ya Waswahili wana mkate wao uitwao mofa, mkate mdogo wa mviringo wa unga wa mtama au mawele, ambao huokwa katika tanuri la udongo. Tena katika miji ya Moroko kuna desturi ya tangu kale ya tanuri la mtaa. Kila mama hukanda unga wake nyumbani, huutia alama, kisha humpa mtoto aupeleke kwa mwoka mikate, na baadaye mikate hurudi kila mmoja kwenye nyumba yake.

Katika Kenya, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, na vikundi vyake vilifundisha upishi, ushoni na usafi wa nyumba. Hata leo wapo mama wanaooka kwa debe lililolazwa na kuzungushiwa udongo. Tanuri linaloelezwa hapa ni ndugu mkubwa wa debe hilo.

KWA NINI TANURI HUOKA VIZURI

Moto wa mafiga matatu hutoa joto nyingi, lakini sehemu kubwa yake huchukuliwa na upepo. Tanuri halifanyi hivyo. Kuta zake nene hunywa joto wakati moto unapowaka ndani, na moto ukiisha kuondolewa, kuta hulirudisha joto hilo polepole kwa saa kadhaa. Mkate hupata joto la sakafu kutoka chini, joto la paa kutoka juu, na hewa ya moto pande zote. Ndiyo sababu huiva sawasawa, na ganda lake huwa gumu kidogo na lenye harufu nzuri.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Kuta zile ni lazima zinywe joto kwanza, na kuni za kuzipasha joto ni zile zile, ukitia mkate mmoja au ukitia minane. Mtu awashaye tanuri kwa ajili ya mkate mmoja anapoteza kuni kuliko yule anayechemsha uji juu ya mafiga. Katika nchi kavu hilo si jambo dogo. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti ili kuzuia ukataji wa miti. Haifai tanuri la mkate lije kuwa adui mwingine wa miti hiyo.

JINSI YA KULIJENGA

Kwanza huchaguliwa mahali palipo mbali na paa la nyasi na ghala, na ambapo upepo hautapeleka cheche nyumbani. Hujengwa msingi wa mawe wa kimo cha futi tatu hivi, ili mwokaji asiiname na watoto wadogo wasifikie mlango. Mawe ya mtoni yasitumiwe karibu na moto, kwa kuwa yakiwa na maji ndani huweza kupasuka. Juu ya msingi hutandazwa mchanga, na juu ya mchanga hupangwa matofali ya kuchoma, yakiwa yamekaa sawa kabisa. Hiyo ndiyo sakafu.

Kisha mchanga uliolowa hurundikwa juu ya sakafu mfano wa chungu kilichofunikwa kifudifudi, upana wake futi mbili na nusu, na kimo chake inchi 16. Rundo hilo hufunikwa kwa magazeti yaliyoloweshwa, ili udongo usishikamane nalo. Udongo mzuri ni wa mfinyanzi au wa kichuguu, nao huchanganywa na mchanga, sehemu moja ya udongo kwa sehemu mbili za mchanga, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ushikamane vizuri. Udongo huo hujengwa kuzunguka rundo kwa unene wa inchi nne. Baada ya siku moja au mbili mlango hukatwa, na mchanga wa ndani huchotwa wote.

Kimo cha mlango kina kanuni yake. Mlango ukiwa mrefu mno, joto hutoka. Ukiwa mfupi mno, moto hukosa hewa. Tanuri lenye kimo cha inchi 16 ndani hutaka mlango wa inchi 10. Baadaye huongezwa tabaka la pili la udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, ambalo huzuia joto lisitoke upesi. Tanuri huachwa likauke kwa muda wa majuma mawili, likiwashwa moto mdogo mdogo. Anayeharakisha moto mkubwa atapata nyufa. Kibanda cha mabati juu yake kitalikinga na mvua.

KUNI ZISIZOKATA MTI

Jioni huko mashambani si ajabu kuona kijana akirudi kutoka malishoni, mbwa wake akimtangulia njiani, naye amechukua mzigo wa vijiti vikavu begani. Matembezi hayo yana kazi mbili kwa moja. Tanuri halihitaji magogo. Hupenda vijiti vyembamba vikavu vinavyowaka upesi na kwa mwali mkubwa. Vijiti vilivyoanguka, matawi yaliyopogolewa, na hasa mabua ya mbaazi baada ya mavuno, vyote vyafaa sana. Mbwa naye ni rafiki mwema porini, kwa kuwa huweza kumwona nyoka kabla ya mtu kumkanyaga. Ila na awe amechanjwa, maana mbwa wa porini huweza kukutana na mnyama mwenye kichaa. Mbao zenye rangi au dawa zisichomwe kamwe ndani ya tanuri, kwa sababu moshi wake una sumu.

UNGA WA NGANO NA UNGA WA MTAMA

Ngano ina kitu ambacho mtama na mawele havina. Unga wake ukikandwa na maji hunata na kuvutika kama mpira, na hewa ya hamira hunaswa ndani yake, ndipo mkate huumuka. Unga wa mtama peke yake hauwezi kuinasa hewa hiyo. Kwa hiyo mkate wa kuumuka hutaka mchanganyiko, na kipimo chema cha kuanzia ni vikombe vinne vya ngano kwa kikombe kimoja cha mtama uliosagwa laini. Kwa njia hiyo, katika kila mikate mitano, unga wa mkate mmoja umetoka ghalani mwa nyumbani.

Kwa vikombe hivyo vitano hutiwa vijiko vidogo viwili vya hamira, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha sukari na viwili vya mafuta. Maji ya uvuguvugu, vikombe viwili kasoro kidogo, hutiwa kidogo kidogo. Maji ya moto yatumiwapo huiua hamira, na mkate hauumuki. Unga hukandwa dakika kumi, hufunikwa kwa kitambaa safi mpaka uwe mara mbili ya ukubwa wake, kisha hukatwa, hutiwa katika mabati yaliyopakwa mafuta, na kuachwa uumuke tena.

KUWASHA NA KUOKA

Moto huwashwa ndani ya tanuri, juu ya sakafu ile ile itakayookea mkate, na huachwa uwake saa moja na nusu mpaka saa mbili. Paa la ndani kwanza huwa jeusi kwa masizi. Joto likitosha, masizi huungua, na paa hurudia weupe wake. Hiyo ndiyo dalili ya kutazamiwa. Makaa yote huondolewa kwa koleo na kutiwa mahali salama, sakafu hufutwa kwa kitambaa kilicholowa kilichofungwa kwenye mti, kisha mlango hufungwa kwa ubao uliolowekwa majini kwa dakika kumi na tano, ili joto lienee.

Halafu hutupwa unga kidogo sakafuni. Ukiwa mweusi mara moja, joto limezidi, na yafaa kungoja. Ukigeuka hudhurungi polepole, muda wa kuhesabu hadi ishirini, tanuri li tayari. Mikate huingizwa, mlango hufungwa, na baada ya dakika thelathini au arobaini mkate hutolewa na kugongwa chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma tupu, umeiva.

Mikate ikisha kutoka, joto lililobaki lisipotezwe. Huingia viazi vitamu. Baada yake chungu cha kunde au mbaazi kikae usiku kucha. Na mwisho kuni za safari ijayo zipate kukauka. Mlango ufungwe daima. Usipofungwa, asubuhi mbwa wa nyumbani ataonekana amelala ndani penye uvuguvugu, na hakuna atakayependa mkate uliookwa hapo.

HESABU YA MWETHYA

Tanuri la upana wa futi mbili na nusu huchukua mikate minane kwa mara moja. Hiyo ndiyo sababu ya kuitazama desturi ya Wakamba iitwayo mwethya, yaani majirani kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja leo na ya mwingine kesho. Mashamba mengi ya Ukambani yalichimbwa matuta kwa njia hiyo. Nyumba nane zikijenga tanuri moja, na kila nyumba ikiwasha kwa zamu siku moja ya juma, basi kila nyumba hutafuta kuni mara moja tu katika majuma manane, nayo hupata mkate kila juma. Nyumba hizo nane zikijenga matanuri manane, kuni zitakazochomwa ni mara nane, na mkate hautaongezeka.

Kila nyumba na ilete unga wake umekwisha kukandwa na kutiwa alama. Mwenye zamu awe ndiye mlinzi wa moto, na watoto wakae mbali mpaka makaa yamezimwa kwa maji. Ikiwa mikate itazidi mahitaji, itauzwa sokoni, na fedha iliyokuwa ikienda mbali itabaki Kanyangi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na kuni za nyumba moja hazilishi tanuri mwaka mzima.